Mkono wa Mama Volti

Mama Volti hakuhitaji kumjua mtu ndipo amdharau. Ilimtosha kumwona akiingia mlangoni.

Chumba chake kilikuwa karibu na mwisho wa korido ya chini ya hospitali, baada ya chumba cha mashuka machafu na kabla ya choo ambacho bomba lake lilikuwa halifungi. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa VIPIMO VYA NEVA, INGIA UKIITWA. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba cha plastiki, stuli moja, kabati la mafaili, na mashine ambayo kila jioni aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kugusisha umeme mdogo kwenye neva za mikono na miguu ya watu, kisha kusoma kwenye kioo ishara imechukua muda gani kutoka kiwiko hadi kidole. Neva nzima ya mkono hukimbiza ishara mita hamsini na zaidi kwa sekunde. Iliyougua huchelewa, au haifiki kabisa.

Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo, na katika miaka hiyo hakutoka mtu mle bila kuonjeshwa ulimi wake. Madaktari, kwake yeye, walikuwa watu wanaosoma mstari wa mwisho wa ripoti na kuusahau kabla hawajafika ngazi. Wauguzi walikuwa wanatembea wamelala. Daktari bingwa wa neva, bwana mmoja mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa bingwa wa kutia sahihi. Na wagonjwa, maskini, walikuwa wanauliza maswali.

"Kwa hiyo mwilini mwangu mna nyaya?" mgonjwa angeuliza.

"Huna nyaya. Ungekuwa na nyaya ungeshaibiwa," Mama Volti angejibu. "Una chumvi na milango. Sikiliza. Neva ni seli, ndefu, na ina utando. Nje ya utando kumejaa sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi. Ndani kumejaa potasiamu. Kuna vijipampu kazi yake kutwa kucha ni kuifukuza sodiamu irudi nje, na ndani panabaki hasi kidogo, kama betri iliyochajiwa. Hiyo betri unayo ukila, unayo ukilala, unayo hata sasa hivi unavyoniangalia bila kuelewa."

Mgonjwa angetikisa kichwa kwamba ameelewa, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Neva ukiisukuma kidogo, haijali. Ukiisukuma vya kutosha, milango ya kwenye utando inafunguka, sodiamu inavamia, hasi inageuka chanya. Kabla hujapepesa jicho milango hiyo imejifunga, potasiamu inatoka nje kwa milango yake, na hali inarudi ilivyokuwa. Lakini kipande cha jirani kimeshashtuka, nacho kinafungua ya kwake. Na jirani wa jirani. Hivyo hivyo mpaka kidoleni. Hakuna ishara nusu. Inakwenda yote, au haiendi. Na neva kubwa zimevishwa ala ya mafuta yenye mapengo hapa na pale, kwa hiyo ishara inaruka kutoka pengo hadi pengo, ndiyo maana ukikanyaga msumari unapiga kelele mapema. Haya, nyamaza, mkono usitikisike."

Ukweli ambao angeukana mbele ya hakimu ni kwamba hotuba hiyo aliipenda kuliko kitu chochote. Baba yake alikuwa fundi redio, na yeye alikua akiamini umeme ni mali ya waya. Siku mwalimu wa chuo alipowaambia kwamba mwili hutengeneza umeme wake kwa chumvi na maji, bila waya, alishindwa kula mchana. Tangu siku hiyo aliwadharau wote waliopewa mwili wa namna hiyo wakautumia kubeba umbea. Dharau yake ilizaliwa na mapenzi, na dharau ya aina hiyo haina dawa.

Sasa, kuna jambo moja ambalo kila mpimaji wa neva hufundishwa juma la kwanza. Mkono wa mgonjwa lazima uwe na joto, nyuzi thelathini na mbili au zaidi, kwa sababu milango ile ikipata baridi huwa mizito kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Inachelewa kufunguka, na ikifunguka inachelewa kujifunga. Neva nzima ikipoa inaonekana kama iliyougua. Kwa hiyo unaweka kipimajoto kwenye ngozi, na mkono ukiwa na baridi unauloweka kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mama Volti aliwafundisha wanagenzi jambo hilo kila mwaka, na aliyelisahau alimtoa machozi.

Yeye mwenyewe hakutumia kipimajoto. Betri yake iliisha, akakitupia kwenye droo, kikakaa humo miaka miwili. Alikuwa na mkono wake. Aliushika wa mgonjwa, akatulia kidogo kama mnunuzi wa nyanya, akasema, "Una joto la kutosha, panda kitandani." Na kusema kweli kwa muda mrefu mkono ule haukukosea. Kisha hospitali ikafunga kiyoyozi kipya mle chumbani ili kulinda mashine, na Mama Volti akakiweka kwenye baridi ya mwisho, maana mashine aliiheshimu. Akaanza kushinda na sweta.

Wa kwanza kumwambia mle ndani mna baridi alikuwa wifi yake, na wifi yake ndiye mtu wa mwisho ambaye angemsikiliza.

Dada huyu wa mumewe alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ya viti vitatu na vioo viwili kando ya barabara kubwa, na watu wote walimwita Msusi, hata mama yake mzazi. Siku Mama Volti alipoletwa kutambulishwa kwa wakwe, Msusi alimtazama kichwani, akamzunguka, akasema kwa upole, "Wifi, nani alikukosea?" Watu walicheka. Miaka kumi na minne ilipita na kicheko kile kilikuwa bado hakijaisha masikioni mwake. Alilipiza alivyoweza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, alikuwa akimwambia mumewe, lakini dada yako zake zote kawasuka nazo wateja. Mume, mwalimu wa udereva aliyezoea kukaa kando ya watu wanaoelekea ukutani, alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Basi vidole vya Msusi vikaanza kufa ganzi. Kitana kilimtoka mkononi mara mbili katikati ya kichwa cha mteja. Daktari bingwa akamwandikia kipimo, naye akaja, anaongea tangu koridoni.

"Wifi, humu mna baridi."

"Mashine haipendi joto."

"Mimi je?"

"Wewe hukununuliwa na hospitali." Mama Volti akamshika mkono. "Una joto. Panda."

"Joto gani, wifi, hata kucha zangu zinatetemeka."

"Mdomo ndio unaotetemeka. Ufunge, nipime."

Alipima mkono wa kulia, ukatoa mita thelathini na tisa. Wa kushoto, arobaini. Miguu, thelathini na tatu. Kila neva aliyoigusa ilikuwa inaburura miguu. Mtu mwema angesikia huruma. Mama Volti aliisikia, tusimwonee, lakini juu yake ilikaa furaha ndogo chafu, ya kumwona msema ovyo amekutana na jambo lisilochekwa. Hakurudia kipimo. Aliandika: Neva zote zilizopimwa ziko polepole, ugonjwa wa neva ulioenea. Daktari bingwa akatoa kalamu moja kati ya tatu, akatia sahihi.

Kwa maneno hayo machache saluni ikafa. Daktari alimwambia Msusi kwamba ala za neva zake zinachunika, haijulikani zitaishia wapi, aache kazi ya kusimama na ya vidole, ameze vidonge asubuhi na jioni, arudi baada ya miezi mitatu. Vidonge vilimtia usingizi hata akawa anapepesuka, na watu walipomwona anapepesuka wakasema ugonjwa unapanda. Mteja mmoja alileta kitana chake mwenyewe, asije akaambukizwa neva. Wa pili hakuja kabisa. Wajinga hawahitaji darasa, wanahitaji jirani mmoja wa kuwaanzishia. Msusi akafunga mlango, na mwenye nyumba akampa mpaka miezi hiyo mitatu iishe: akipona arudi, asipopona chumba kinakwenda kwa muuza simu.

Akahamia kwa mama yake. Kila Jumapili Mama Volti alipokwenda na mumewe kusalimia, alimkuta wifi yake kwenye kochi saa nne asubuhi, amelala mdomo wazi, mikono imewekwa mapajani kama vyombo vya kuazima. Nyumba ilikuwa kimya. Kwa miaka kumi na minne Mama Volti aliomba apate kimya cha mwanamke yule, na alipokipata hakikumkalia vizuri.

"Bila wewe tungekuwa gizani, mwanangu," mama mkwe alimwambia mbele ya watu. "Wewe ndiye uliyeugundua."

Mama Volti akakipokea kilemba kile cha sifa, akakivaa, akaomba maji ya kunywa.

Miezi mitatu ikaisha. Asubuhi ya kipimo cha pili kiyoyozi kilikuwa kimeharibika. Fundi wake alikuwa amekishusha, vipande viko chini juu ya magazeti, dirisha liko wazi na jua limeingia mpaka kitandani. Mama Volti alikuwa amevua sweta na kujipepea kwa faili. Msusi aliingia bila kusema neno, akapanda kitandani mwenyewe, akanyoosha mkono.

Mita hamsini na sita. Mama Volti akarudia. Hamsini na sita. Kushoto, hamsini na tano. Miguu, arobaini na saba, safi kabisa. Palikuwa na ucheleweshaji mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mahali ambapo neva hupita chini ya mshipi wa nyama na kubanwa kwa watu wanaosuka, wanaofuma, wanaochapa. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Alimwambia wifi yake akae kwenye benchi la nje, akamwita daktari bingwa.

Daktari aliangalia kioo, uso ukamng'aa. "Unaona? Dawa imefanya kazi. Jumatano nawaonyesha wenzangu kwenye kikao."

Mama Volti alimtazama kwa dharau yake yote, ile ya akiba. "Daktari, ala ya neva haioti kama ukucha. Hakuna kidonge duniani kinachorudisha mita kumi na nne hadi kumi na saba, mwili mzima, kwa miezi mitatu. Hata mwanagenzi anajua."

"Sasa kama si dawa, imekuwaje?"

Akageuka kukitazama kioo tena. Kama dawa haikuponya, basi hapakuwa na cha kuponya. Hakuweza kumwonyesha yule bwana kuwa mjinga bila kujionyesha mwenyewe mjinga kwanza.

Akatoa faili, akatandaza karatasi ya kwanza kando ya ya pili. Mawimbi yaliyochorwa na mashine siku ya kipimo cha kwanza yalikuwa yamechelewa, ndiyo, lakini yalikuwa marefu na mapana. Neva inayokufa hutoa wimbi dogo. Ala ikichunika, wimbi mara nyingi huvunjikavunjika. Wimbi refu, pana, lililochelewa, ni la neva nzima yenye baridi, milango inafunguka kwa uvivu na kujifunga kwa uvivu. Yeye ndiye aliyekuwa akilichora ubaoni kila mwaka, na kuwauliza wanagenzi kama macho waliyopewa ni ya kuonea au ya kulilia. Karatasi ilikuwa imepita mikononi mwake siku ile na hakuiangalia, kwa sababu mwenye mkono alikuwa Msusi.

Na mkono wake je, ule usiokosea? Alikuwa ameshinda kutwa chini ya kiyoyozi. Ulikuwa umepoa kama chupa ya maji, na kwa mkono uliopoa kila mgonjwa ana joto. Alipima baridi kwa baridi. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amekaa miaka kumi na tisa akiyahesabu ya wenzake.

Akamweleza daktari, kwa sentensi tatu.

Daktari alifikiri kidogo, akafunga kalamu. "Tuandike amepata nafuu. Ataendelea na nusu dozi ili ugonjwa usirudi. Yeye atafurahi, mimi nitafurahi, wewe hutaaibika. Nani ataumia?"

Na kwa muda wa kama dakika nzima Mama Volti alilitaka jambo lile. Alilitaka kwa njaa. Familia ingeendelea kumshukuru, saluni ingefunguliwa, na kidonge kimoja cha usingizi kila jioni si kisu. Kilichomzuia hakikuwa wema. Alimwona yule bwana anavyosubiri, mtulivu, ana hakika atakubali, akaona amewekwa naye kwenye chungu kimoja. Hilo hakuliweza.

Alitoka, akakaa kwenye benchi.

"Wifi, huna ugonjwa wa neva."

Msusi akafumbua macho. "Nimepona?"

"Hukuwa nao. Nilikupima una baridi. Neva ikipoa inakwenda polepole. Nilitakiwa nikupashe mikono kwanza, sikukupasha. Ulichonacho ni neva kubanwa kidogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kwa sababu ya kusuka. Utalala umefungwa banzi, kifundo kisikunjike, wiki sita, na utapumzika kidogo katikati ya vichwa. Vidonge utapunguziwa taratibu, usiviache ghafla. Nitaandika yote, na mama nitamwambia mwenyewe."

Akajiandaa. Alijua ulimi wa wifi yake, na kwa mara ya kwanza maishani aliona anaustahili. Angetukanwa, angemeza, wangekuwa sawa. Ulimi haukuja.

"Ulikuwa unajua kwamba unatakiwa kunipasha?"

"Nilikuwa najua."

"Na kitu cha kupimia hilo joto hamna?"

"Kipo kwenye droo. Kiliisha betri."

"Lini?"

"Miaka miwili."

Msusi aliitazama mikono yake. "Unajua, wifi, mimi nilikuwa nakuogopa. Nilikuwa nasema, huyu mwanamke ana mdomo mbaya, lakini kazi yake anaijua. Angeniambia mtu mwingine ningekwenda kupima mahali pengine. Ni kwa sababu ulisema wewe."

Maneno yale yalikuwa sifa, tena ya kweli, na yalimuuma Mama Volti kuliko matusi yote aliyokuwa ameyatayarishia nafasi.

"Na wengine?" Msusi akauliza.

"Wengine gani?"

"Uliowapima humo humo, na baridi hiyo hiyo. Au mwenye baridi nilikuwa mimi tu?"

Mtu anaweza kuwa na akili kali na bado swali la wazi likampita. Mama Volti alikuwa amefikiria aibu yake, wifi yake, mama mkwe, daktari. Wengine hawakumjia kichwani kabisa. Aliinuka akaingia chumbani, Msusi akamfuata, mmoja akakaa stulini na mwingine kitandani. Akatoa daftari la wagonjwa. Tangu kiyoyozi kifungwe walikuwa sitini na mmoja. Ishirini na watatu kati yao alikuwa amewaandikia, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba neva zao ziko polepole.

Akaanza juu. Wa kwanza alikuwa fundi viatu, mzee wa miaka sitini. Alimkumbuka: alikuwa mmoja wa waliouliza kuhusu nyaya. Akampigia, simu ikaita mara mbili.

"Shikamoo baba. Mimi ni yule mpimaji wa neva wa hospitali. Naomba uje nikurudie kipimo chako. Kile cha kwanza..."

"Marahaba, mwanangu. Kipimo tena? Mimi nimeshapasuliwa. Mikono yote miwili, kwenye vifundo, eti neva zimebanwa, mwezi uliopita. Daktari aliniambia vipimo vyako vilikuwa wazi, hakuna haja ya kusubiri."

"Na vidole vinaendeleaje, baba?"

"Sindano bado siishiki. Nikiibana inaanguka. Lakini wamesema nivumilie." Kulikuwa na kelele ya nyundo nyuma yake, mtu mwingine alikuwa anafanya kazi kwenye kiti chake. "Ila nakushukuru, mwanangu. Siku hizi nani anampigia mgonjwa kumuulizia hali? Watu wote wangekuwa kama wewe tungekuwa mbali. Mungu akubariki sana, na hiyo mikono yako."

Msusi alikuwa anasikia kila neno. Hakumsaidia.

"Baba," Mama Volti alisema, "usinishukuru. Keti kwanza, nikwambie nilichokufanyia."